Medali ya Funguo Mbili

Nilisoma mpaka darasa la pili, kule Uvira, mwalimu akanitoa kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko benchi. Sijutii. Wengine waliobaki kwenye benchi lile niliwakuta hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, kwenye foleni ya posho, shati zao zimetoboka fasi moja na yangu. Tofauti ni kwamba mimi nina mikono. Nayeyusha aluminiamu na kutoa sufuria, naziba mabeseni, na nikipata fedha, ile nyeupe yenyewe, natengeneza pete. Mjomba wangu alinifundisha kwa makofi. Nyumba yangu ya matofali niliijenga mwenyewe, bati nikalipandisha mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue simwombi huruma.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa mukecuru. Warundi humwita hivyo mama mzee, nasi Wakongomani tukazoea kumwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane, miguu imevimba, jembe halishiki. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kike aliyemlea tangu wazazi wake walipouawa, na alikuwa na medali. Medali ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Lilikuwa duara la fedha pana kuliko kifuniko cha soda, zito, lina kipete juu cha kupitishia kamba. Upande mmoja, juu, funguo mbili zimepishana. Chini ya funguo palikuwa na vinundu na mistari, kuta, minara, kitu kama daraja, vyote vimeliwa na vidole mpaka unavisikia kwa gumba kuliko kuviona. Upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Maandishi yalizunguka ukingoni, herufi zetu lakini maneno si ya lugha ya mtu yeyote huku.

Mukecuru alikuwa na maelezo ya kila kitu. Funguo ni za Petero Mtakatifu. Mji ni Yerusalemu ya mbinguni, na lile daraja ndilo roho inapita. Ndege ni Roho Mtakatifu, na vichwa ni viwili kwa sababu anamtazama Baba na anamtazama Mwana. Babu wa marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Wadachi kule Burundi, na vita vilipowafukuza, bwana wake alimwachia medali hiyo shingoni, hana kingine cha kumpa. Toka hapo ilipita mkono kwa mkono hadi ikavuka mpaka wa nchi ndani ya nywele za mukecuru, amezisuka juu yake.

Kila Jumatano watu walimjaa uani. Mwenye homa aliwekewa medali kwenye paji la uso. Mwanamke aliyeshindwa kuzaa aliwekewa tumboni. Hakuomba kitu, sitamsingizia. Lakini hakuna aliyeondoka bila kuacha unga, au maharage, au kipande cha mkaa. Mimi sikwenda hata siku moja. Mimi ni mtu wa Pentekoste, na mgongo wangu ukiuma naupaka mafuta.

Sasa mjukuu akapata mchumba, mtoto wa katekista. Katekista ni mtu mkubwa katika Warundi wa huku. Ndiye anaongoza sala padri asipokuja, ndiye anasema nani abatizwe na nani angoje. Nyumba yake ilikuwa na wasichana wa kuchagua kutoka kila upande, wenye mashamba, wenye baba. Akachukua mjukuu wa mukecuru asiye na kitu, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya medali. Hata yeye alisema barazani kwake, nimesikia kwa masikio yangu, kwamba damu iliyotunza funguo za Petero si damu ya kudharau.

Siku zikiwa zimekaribia za kwenda kumwomba msichana, kile kipete cha juu kikakatika. Mukecuru akaniletea, ameifunga ndani ya kitambaa ndani ya kitambaa.

"Fundi," akasema, "nirudishie shingo yake. Lakini usiipige na nyundo."

Niliiangusha juu ya jiwe ili niisikie. Akashika kifua kama nimemwangusha mtoto.

"Mukecuru, hii ni fedha."

"Ni fedha ya mbinguni."

"Ya mbinguni au ya wapi, bati ya kuzibia mabeseni haitaishika. Inataka lehemu ya fedha, na hiyo iko Mbarara."

Hakutaka itoke. Nikamwambia basi aifunge na uzi. Akakaa kwenye kigoda changu, mwisho akasema itaenda, lakini mjukuu aende nayo, asiiache mkononi mwa mwanaume yeyote, hata mwangu. Hilo la mwisho halikunipendeza. Nilikuwa jirani yake miaka na miaka. Lakini nikakubali, maana nilikuwa na mambo yangu ya kununua mjini.

Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kuna sonara ninayemjua, Muhindi mzee. Alizaliwa Bukoba, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Duka lake ni dogo, meza moja, taa moja, na yeye nyuma yake kama kasisi kwenye kitubio. Msichana akaifungua vitambaa. Sonara akaichukua kwa ncha za vidole, akaigeuza mara moja tu, akacheka peke yake.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Ni medali yao," nikasema. "Ya Petero."

"Medali?" Akaivalia kile kioo cha jicho. "Hii ni pesa, mzee wangu. Talari. Pesa ya Wadachi wa zamani sana, kabla hawajawa na nchi moja."

Nikamwambia Wadachi walikuwa na Kaisari, hilo hata mimi nalijua. Akasema ndiyo, lakini chini ya Kaisari kulikuwa na miji isiyotaka mfalme mdogo wala mtemi wala askofu juu yake. Miji ya wafanyabiashara, yenye kuta zake na baraza lake. Ikamlipa Kaisari kodi, Kaisari akaiacha ijitawale, na mji wa namna hiyo ulipewa ruhusa ya kupiga pesa yake mwenyewe ya fedha. Ndege wa vichwa viwili ni wa Kaisari, wanamweka upande mmoja kuonyesha kwamba bwana wao ni yeye tu. Upande wa pili kila mji unaweka alama yake. Mmoja ulikuwa na ngome, mwingine tunda la msonobari, mwingine ua la yungiyungi. Huu uliweka funguo. Akanitajia na jina, Regensburg, nikamwambia arudie, akarudia, halikunikaa mdomoni.

"Na huu hapa ndio mji wenyewe," akasema, akimwonyesha msichana kwa ncha ya kibano. "Kuta hizi. Huu ni mto. Hili daraja ni la mawe, mpaka leo liko, watu wanapita na mikate yao."

"Si Yerusalemu?" msichana akauliza.

"Binti, Yerusalemu haina mto."

Mimi nikauliza jambo moja, kwa sababu ni mtu wa kuuliza. Nikasema, kama funguo ni za Petero, basi walikuwa Wakatoliki. Akatikisa kichwa. Askofu alikuwemo mle ndani ya mji na funguo alikuwa nazo yeye pia, lakini mji wenyewe, wenye baraza na wenye pesa, ulikwisha kumwacha Papa zamani ukafuata Waprotestanti. Alama haikubadilishwa kwa sababu ilikuwa yao kabla ya ugomvi.

Nilicheka. Sikuona sababu ya kujizuia. Nyumba nzima ya Wakatoliki imepiga magoti mbele ya pesa ya Waprotestanti, na mimi Mpentekoste ndiye naipelekea lehemu.

"Na hiki kipete?" nikauliza. "Nani alikiweka?"

"Hukohuko kwao. Wanaume wa upande ule wana kaptura za ngozi za sherehe. Wanatundika pesa za zamani kwenye mnyororo, hapa." Akasimama akajionyesha, mbele, chini ya mkanda. "Mwanaume akitembea zinalia."

Msichana akaweka mkono mdomoni. Kwanza nilidhani analia.

Nikamuuliza sonara inafaa kiasi gani. Akasema wakusanyaji wa vitu vya kale hawataki pesa iliyochomelewa wala iliyofutwa uso na vidole. Hii imeshikwa mno. Inafaa uzito wake wa fedha, na ndani mna shaba kidogo. Akanikatia lehemu, tukarudi. Njia nzima msichana alikuwa na simu sikioni au mkononi, anaandika na kucheka. Sikumuuliza anamwandikia nani. Kipete nilikichomelea siku iliyofuata, kazi safi, huoni hata mshono. Mukecuru akaibusu akanipa jogoo. Sikumwambia kitu. Yeye aliniletea shingo iliyokatika, nami shingo nimeiunga.

Kumbe yule msichana alikuwa amemwambia mchumba wake yote, pamoja na ile kaptura. Kwao ilikuwa mchezo wa vijana. Mchumba akamwambia dada yake, dada akamwambia shangazi. Huyo shangazi wa bwana harusi alikuwa mwanamke mwenye ulimi, mume alimkimbia akavuka kwenda Tanzania kwa mpaka wa Kikagate na hakuna aliyemlaumu.

Siku ya kuomba msichana walikuja wengi, wamevaa vizuri. Sisi majirani tulikaa upande wa mukecuru. Kwa Warundi mambo haya yana mpangilio. Mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati, mirija mirefu ndani yake, na wazee wa pande mbili wanainama kunywa pamoja. Mkishanyonya mtungi mmoja mmekuwa watu wa nyumba moja. Asiyetaka undugu hanywi, basi, hana haja ya kusema neno.

Mukecuru alikuwa ameivaa medali nje ya nguo, juu ya kitenge kipya cha kuazima. Wasemaji wa pande mbili wakasifiana na kutaniana kama kawaida yao. Mtungi ukaletwa. Wazee wa kwetu wakainama. Katekista akashika mrija wake, akaupangusa, akaushikilia mkononi. Hakuinama.

Mukecuru aliona, na nilimwona akiona.

"Baba mkwe," akasema kwa sauti ndogo, "pombe imekukosea nini?"

"Pombe haina kosa," katekista akasema. "Nina swali kwa fundi."

Watu wote wakageuka kunitazama.

"Fundi, wewe ni mtu wa vyuma. Hiyo kitu iko kifuani mwa mama, ni nini?"

Nikamjibu. Mimi mtu akiniuliza kitu cha kazi yangu namjibu. "Ni pesa," nikasema. "Talari ya mji mmoja wa Wadachi. Mbele ya Mungu haina tofauti na shilingi."

"Na mji wenyewe ulikuwa wa dini gani?"

"Ya Waprotestanti."

Shangazi alikuwa anangoja fasi hiyo tu. "Mwambie na ilikuwa inakaa wapi, baba fundi," akasema. "Usituonee aibu, sisi ni watu wazima." Na mimi nilivyokawia akasema mwenyewe, kwa wote. "Ilikuwa inaning'inia kwenye kaptura ya Mdachi. Hapa." Akajipiga pale alipoonyesha sonara, chini zaidi kidogo. "Ikilia ngili ngili ngili. Na nyinyi mmeibusu. Mama fulani hapo umeibusu, usijifiche."

Walicheka. Ningependa kuandika kwamba wachache tu ndio walicheka. Walicheka wote, na waliocheka sana ni wale niliokuwa nawaona kila Jumatano kwenye kile kiuani na vibakuli vya unga. Mtu aliyedanganyika hataki kubaki peke yake, anatafuta wa kumcheka kabla hajachekwa.

Mukecuru hakushika medali wala hakuificha. Akasema, "Hata kama ni pesa. Watu walipona."

"Wengine walikufa," shangazi akasema.

"Mkeo," mukecuru akamwambia katekista, "alipolala siku mbili na mtoto hatoki, nani alimwekea? Mtoto yuko pale, anakula ndizi."

"Ndiyo maana nina hasira," katekista akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniweka mimi, mwalimu wa dini, nimepiga magoti mbele ya kaptura. Padri akisikia nitamwambia nini? Sasa sikiliza, mama. Msichana wako hana kosa, mtoto wangu anamtaka, mimi sivunji. Lakini nyumba yangu haioi kwa mganga. Hiyo kitu iyeyushwe, itoke pete mbili za hawa watoto, na uiweke wewe mwenyewe motoni watu wakiona, kusudi kesho mtu asije akasema tumekuibia Petero wako. Ukikubali, nitainama ninywe."

Mrija ulikuwa bado mkononi mwake, mkavu.

Mukecuru akamgeukia mjukuu wake. Alikuwa amekaa na wasichana wenzake, amepakwa mafuta, anang'aa. Nilidhani atasema neno la kumtetea bibi yake, au angalau atainamisha kichwa. Alimtazama usoni.

"Yeyusha, bibi," akasema. "Mimi sitabaki hapa kufunga vitambaa vya medali."

Katekista akainama, akanywa. Wengine wote wakanywa. Mukecuru naye akapewa mrija akanywa, na pombe ilikuwa nzuri.

Kesho yake walisongamana kwangu asubuhi. Nilikuwa nimeshawasha mkaa, kile kifeni changu cha gurudumu la baiskeli kinapuliza vizuri. Katekista amesimama na mikono nyuma. Shangazi ameleta kiti chake. Nilimpa mukecuru koleo akalikataa. Akaivua medali shingoni, akakata kamba kwa meno, akaiweka mwenyewe ndani ya kichungu changu cha kuyeyushia kwa vidole, akivichoma. Upande wa mji ulikuwa juu.

Fedha haiyeyuki kama aluminiamu. Aluminiamu inalegea kama uji. Fedha inakataa, inakataa, inakuwa nyekundu na bado ina umbo lake kamili, mpaka unafikiri moto umeshindwa. Niliziona kuta zote za mji ule zikiwa nyekundu, minara, daraja, wazi kuliko zilivyoonekana wakati wa baridi. Funguo zilionekana kama zimechongwa jana. Kisha ukingo ukalowa, maandishi yakaondoka yakizunguka, na katikati ikaporomoka mara moja. Likabaki tone linalotetemeka, jeupe, linalokuonyesha uso wako.

"Sasa ndiyo ninauona Ukatoliki wake," shangazi akasema.

Pete mbili zilikula chini ya nusu. Shangazi akasema ingekuwa dhambi kupoteza fedha, akataka hereni. Nikamtazama katekista, naye akatazama pembeni, basi nikamtengenezea hereni. Zilimpendeza, nisiseme uongo. Alizivaa palepale, akamuuliza mukecuru kama zinalingana.

"Zinalingana," mukecuru akasema.

Kilichobaki kilikuwa tonge dogo. Watu walipokwisha kuondoka, yeye alibaki, akaomba apewe. Nikamwambia ukweli wa kazi yetu, kwamba kinachobaki kichunguni ni cha fundi. Mjomba wangu alifanya hivyo na mimi nafanya hivyo, na yule jogoo alikuwa wa kipete, hakuwa wa pete. Mukecuru akasimama mpaka mkaa ukafa.

"Basi nipe majivu," akasema.

Majivu ni ya kutupa, nikampa. Akayachota yote, na yale ya pembeni, akayafunga kwenye jani la mgomba.

Harusi ilifungwa kanisani na ilikuwa na watu wengi. Mjukuu alihamia kwa katekista, ng'ambo ya bonde. Alikuja kumwona bibi yake mara ya kwanza na mume, mara ya pili peke yake, hakukaa. Jumatano zikaja na kupita, uani kwa mukecuru pakaota majani. Wale waliokuwa wanaacha unga walipita njia ya chini ili wasisalimiane naye. Nilimwona akirudi kutoka kwenye posho na kigunia anachokiburuza, kwa sababu hakuna aliyempokea. Alikonda mpaka ile miguu iliyovimba ikawa kama si yake. Mke wangu alimpelekea ugali mara moja moja. Mimi sikumkataza.

Kisha mvua zikaanza, na wageni wapya wakaletwa, Wakongomani kutoka upande wa Fizi, wakapangiwa viwanja upande wetu. Asubuhi moja mwanamke akasimama mbele ya moto wangu na mtoto mgongoni. Mtu njiani, sijui ni mzaha au ni ujinga, alikuwa amemwambia kuna bibi mwenye dawa.

"Papa," akasema, "ni fasi gani iko ule mumama mwenye kuwekea batoto dawa ya Petero?"

Mtoto alikuwa amelaza shingo. Nimeziona shingo za namna ile, tukitoka Uvira, pembeni ya barabara. Nikamwambia aende kwanza zahanati. Akasema ametoka huko, wamempa vidonge na mtoto anavitapika. Nikamwonyesha mlango wa mukecuru kwa koleo.

Mukecuru alitoka akamtazama mtoto, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na lile jani, limekauka. Akachovya kidole ndani ya majivu, akakiweka kwenye paji la uso la mtoto, akakiacha hapo, midomo yake inasema maneno yake yaleyale ya zamani. Alichukua muda mrefu. Yule mama alipiga magoti kwenye tope. Hakuwa na kitu cha kutoa isipokuwa unga wa siku ile, ndani ya mfuko wa nailoni, akamega nusu akaiweka mlangoni.

Mtoto alizikwa kabla ya Jumapili. Lakini jioni ya siku ile aliyoachiwa nusu ya unga, jiko la mukecuru lilitoa moshi.